Ruhusa Siyo Dawa: Uingereza, bangi ya hospitali, na sisi



Juma iliyopita, mu kundi la WhatsApp la promosyo yetu, mwenzetu mmoja alituma maneno haya: Uingereza mgonjwa anapewa bangi bure ku hospitali ya Leta tangu 2018, na sisi huku tungali tunafungana juu ya majani. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilikuwa kwenye foleni ya benki, na foleni ya benki inakufanya ukubali kila kitu.

Usiku nikarudi kusoma mambo yenyewe. Kumbe ujumbe wa mwenzetu iko na ukweli mu nusu tu. Ni kweli sheria ya Uingereza ilibadilika 2018. Lakini mgonjwa anayeingia leo ku hospitali ya Leta kule kuomba bangi ya dawa, mara nyingi sana anatoka mikono mitupu. Basi nimeona niichambue ile sheria kama vile tunachambua TFC ya mwanafunzi: kichwa kinaahidi nini, na ndani muna nini?

Kwanza namna ilivyoanza. Bangi si mgeni ku famasi za Wazungu. Mwaka 1839 daktari William O'Shaughnessy, aliyefanya kazi Calcutta, aliandika juu ya wagonjwa aliowatibu kwa mmea huo, na kwa muda mrefu famasi za Uingereza ziliuza matone yake yaliyotengenezwa kwa pombe. Sheria ya madawa ya kulevya ya 1971, iliyoanza kutumika 1973, njo ilifunga mlango.

Miaka 45 baadaye, watoto wawili walibisha hodi. Alfie Dingley na Billy Caldwell walikuwa na kifafa kikali ambacho dawa za kawaida zilishindwa kukituliza. Septemba 2017 wazazi wa Alfie walimpeleka Uholanzi, ambako daktari aliweza kumwandikia mafuta ya bangi. Billy yeye alirudi na mama yake kutoka Canada tarehe 11 Juni 2018, na ku uwanja wa ndege wa Heathrow chupa za mafuta zikachukuliwa. Siku chache baadaye mtoto akalazwa hospitali kwa sababu ya kifafa. Nchi nzima ilitazama ku televisheni. Tarehe 16 Juni waziri wa mambo ya ndani, Sajid Javid, akatoa ruhusa ya dharura kwa Billy. Na tarehe 1 Novemba 2018, sheria mpya ikaanza kutumika.

Hesabu vizuri: kutoka chupa kuchukuliwa mpaka sheria kubadilika, haikufika miezi mitano. Hapa tuwape haki yao. Mama wa kawaida, bila feza nyingi na bila chama, alisukuma serikali mpaka ikasogea. Kwetu mama kama huyo angezungushwa ku maofisi mpaka viatu viishe.

Lakini kichwa cha TFC hakitoshi. Tufungue ndani.

Jambo la kwanza ni kujua nani anaruhusiwa kusaini. Sheria ilisema bangi ya dawa inaweza kuandikwa na daktari bingwa tu, yule ambaye jina lake liko ku orodha ya mabingwa ya General Medical Council. Daktari wa mtaa, yule anayejua familia na anayeona mtoto kila mwezi, hawezi kuianzisha. Sasa fikiria: mabingwa wa kifafa cha watoto ni wachache, na wengi wao hawakuwahi kufundishwa juu ya bangi ku unif, maana kwa miaka yote ya masomo yao ilikuwa kitu cha polisi. Na mafuta yenyewe, mengi hayana leseni ya dawa. Daktari akiandika dawa isiyo na leseni, mzigo unabaki ku mabega yake. Kama mtoto akipata shida, wataulizia saini yake, si ya waziri.

Kwa hiyo sheria ilimpa bingwa kalamu, na palepale ikamuonyesha hatari ya kuitumia. Wengi waliiacha mfukoni.

Jambo la pili ni ushahidi. Uingereza iko na taasisi inaitwa NICE, ambayo inashauri huduma ya afya ya umma, NHS, ni dawa gani inafaa kutumika na kulipiwa. Novemba 2019, mwaka mmoja baada ya sheria, NICE ilitoa mwongozo wake juu ya bangi. Ulikuwa mwembamba sana. Ilikubali dawa ya Sativex kwa watu wenye sklerosi, ule ugonjwa wa neva ambao unakakamaza misuli. Ilikubali nabilone kwa wagonjwa wa kansa wanaotapika juu ya matibabu, kama dawa zingine zimeshindwa. Kwa maumivu sugu, ilikataa. Na mwezi uliofuata ikakubali Epidyolex, pamoja na dawa nyingine iitwayo clobazam, kwa aina mbili za kifafa adimu: Dravet na Lennox-Gastaut, kuanzia umri wa miaka 2.

Epidyolex ni cannabidiol iliyosafishwa. Ndani yake hamuna ile sehemu inayolewesha kichwa. Ilikubaliwa kwa sababu ilipimwa kwa utaratibu. Mu jaribio moja lililotolewa 2017, wagonjwa 120 wa Dravet, watoto na vijana, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa cannabidiol, wengine kimiminika kisicho na dawa. Wale wa dawa, vipindi vya kifafa vya kutikisika vilishuka kutoka 12.4 mpaka 5.9 kwa mwezi, kwa hesabu ya katikati. Wale wengine, kutoka 14.9 mpaka 14.1. Hiyo ni tofauti kubwa kwa mama anayelala na sikio moja wazi. Lakini usingizi mwingi, kuharisha na mabadiliko ya ini pia vilionekana kwa wale waliopewa dawa.

Naandika hii kwa makusudi, maana najua mu kundi letu iko mtu atasema: basi tuchemshe majani tumpe mtoto wa kifafa. Hapana, ndugu. Majani ya bangi ya kwetu yana sehemu inayolewesha, hakuna anayejua kipimo chake, na ubongo wa mtoto bado unajengwa. Kilichopimwa mu lile jaribio si kile kinachouzwa nyuma ya soko. Na mtu wa kifafa asiache dawa zake juu ya kitu alichosoma ku simu.

Sasa shida njo hii: watoto kama Alfie na Billy hawakutumia Epidyolex. Walitumia mafuta ya mmea mzima, yenye vitu vingi pamoja na kiasi kidogo cha ile sehemu inayolewesha. Mafuta hayo hayakuwa yamepita mu jaribio kubwa kama lile. NICE haikusema ni mabaya, ilisema utafiti zaidi unahitajika. Kwa hospitali yenye bajeti ya kubana, «utafiti zaidi» maana yake ni «hatulipi». Matokeo yake ni aibu: mu miaka ya kwanza, watoto waliopata mafuta ya namna hiyo kwa karatasi ya NHS unaweza kuwahesabu ku vidole vya mkono mmoja. Alfie alikuwa kati yao. Sheria iliyozaliwa juu ya wale watoto ilipita pembeni ya wengi wenye ugonjwa kama wao.

Jambo la tatu ni mfuko. Mlango wa umma ulipobaki nusu wazi, mlango wa biashara ulifunguka wote. Kuanzia 2019 kliniki za binafsi zilianza kuandika bangi, na leo wagonjwa wao wanahesabika kwa makumi ya maelfu. Sheria ni moja na mmea ni mmoja. Tofauti ni nani analipa. Mtoto wa Uingereza halipi kitu ku karatasi ya NHS. Lakini familia za watoto wa kifafa zilizokwenda ku kliniki za binafsi zilisema zinalipa mpaka pauni 2,000 kwa mwezi. Kuna waliofanya michango, kuna waliouza vitu vya nyumba. Hiyo picha tunaijua. Sisi tunaita kotizasyo, na tunafikiri ni ya masikini wa Afrika tu.

Hapo njo ninatoa hukumu yangu. Kosa la sheria ya 2018 si kwamba iliruhusu haraka. Kosa lake ni kwamba iliahidi kitu cha umma na ikatoa soko. Waziri alitangaza kwa sauti kubwa, akapigiwa makofi, kisha maswali matatu magumu, nani anasaini, nani anapima, nani analipa, yakaachiwa daktari na mama wazungumze peke yao mu chumba cha hospitali. Hata kamati ya afya ya bunge lao, Julai 2019, ilikiri kwamba watu walipewa matumaini kupita kile kilichokuwepo.

Niwe mwenye haki: baganga waliokataa kusaini si watu wabaya. Wako wanaosema ni waoga, mimi sikubali. Daktari anayeomba ushahidi kabla ya kumpa mtoto dawa, huyo njo daktari ninayemtaka kwa mtoto wangu. Historia ya dawa imejaa vitu vilivyotolewa kwa haraka na huruma, vikaharibu watoto. Lakini ushahidi haushuki kama mvua. Jaribio kubwa linahitaji feza nyingi, na kampuni haina hamu ya kulipia mafuta ya mmea ambayo kesho jirani anaweza kuyakamua. Kama kampuni haitaki, ni Leta. Serikali iliyobadilisha sheria Novemba ingeweza mwezi uleule kuandikisha wale watoto wote mu utafiti, wapewe mafuta bure, wafuatiliwe, na baada ya miaka michache tungekuwa na jibu: yanasaidia au hayasaidii. Kumwambia mama «hatuna ushahidi» huku hautafuti ushahidi, hiyo ni kumfungia mlango na kumeza ufunguo.

Mtu atauliza: kwani kuna nchi ilifanya vizuri zaidi? Angalia Ujerumani. Sheria yao ya Machi 2017 haikuishia ku ruhusa. Iliandika kwamba bima ya afya ya umma inapaswa kulipa kwa mgonjwa mwenye hali nzito, kwamba daktari wa kawaida pia anaweza kuandika, kwamba bima inaweza kukataa tu kwa sababu maalumu, na kwamba inapaswa kujibu mu majuma matatu, au siku tatu kwa mtu aliye ku mwisho wa maisha. Maombi mengi bado yalikataliwa, nako hakukuwa paradiso. Lakini tofauti iko wazi: aliyekataliwa alikuwa na karatasi mkononi yenye sababu, na anaweza kuipinga. Sheria ilijibu swali la saini na la mfuko ndani ya maandishi yenyewe.

Sasa turudi nyumbani, maana sikuandika hii kwa ajili ya Waingereza.

Bara letu pia limeingia mu habari ya bangi ya dawa. Lesotho ilitoa leseni tangu 2017. Jirani yetu Rwanda iliweka kanuni 2021 za kuilima kwa ajili ya kuuza nje. Na kila mara habari kama hii inapotoka, vijana wetu wanahesabu dola kwa hekta. Sina chuki na biashara. Ila naomba tuangalie kwamba mu hesabu hizo mgonjwa hamumo. Mmea unatoka, dawa inatengenezwa mbali, na mtu wa kifafa aliye kilomita mbili na shamba habadilikiwi na kitu. Shirika la Afya Duniani linasema robo tatu ya watu wa kifafa mu nchi masikini hawapati matibabu wanayohitaji. Na hapa hatuzungumzii mafuta ya pauni 2,000. Tunazungumzia phenobarbital, kidonge cha zamani na cha bei ndogo sana.

Niwaambie kitu cha kwangu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikufa na kansa ya mlango wa kizazi. Majuma ya mwisho maumivu yalikuwa ya kumfanya aume shuka. Munganga, mtu mzuri, aliandika morphine ku karatasi. Nilizunguka na ile karatasi famasi sita, kwa miguu na kwa moto. Ya kwanza hawakuwa nayo. Ya tatu walinitazama kama mwizi. Ya sita mzee mmoja akaniambia kwa upole: mwanangu, hii hatuweki, inaleta maswali mengi. Nikarudi na tramadol na paracetamol. Shangazi akaniuliza: umeipata? Nikamwambia itafika kesho.

Bandugu, morphine si kitu kilichokatazwa kwetu. Mgonjwa anaruhusiwa kuipata, na daktari aliiandika. Ruhusa tulikuwa nayo mkononi, na karatasi yake ninayo mpaka leo. Dawa njo haikuwepo. Tume ya jarida la Lancet ilihesabu 2017: mu tani 298.5 za morphine na dawa za jamii yake zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi masikini kabisa zinapata tani 0.1. Shangazi yangu alikuwa ndani ya hiyo hesabu.

Na kabla mtu hajasema «ni Afrika, tufanye nini», aangalie Uganda, mpakani hapo. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mule Kampala. Walichukua unga wa morphine, wakauyeyusha ndani ya maji, wakaweka rangi ili kutofautisha nguvu, wakatia mu chupa, mgonjwa akaenda kunywa nyumbani kwake. Kisha Uganda ikaona kwamba madaktari hawatoshi, na 2004 ikabadilisha kanuni ili manesi na maofisa wa tiba waliofunzwa kazi hiyo waweze kuandika morphine. Na serikali ikakubali kulipia, mgonjwa anapewa bure. Ona vile walijibu maswali yetu matatu. Nani anasaini? Nesi aliyefunzwa, yule aliye karibu. Nani alipima? Dawa ilishajulikana, wakafundisha namna ya kuitumia. Nani analipa? Leta. Uganda si nchi tajiri, na haikungojea kuwa tajiri.

Uingereza iko na feza, mabingwa, maabara, na huduma ya umma inayoheshimiwa tangu 1948. Ku jambo hili la bangi ilishindwa, kwa sababu ilifikiri kazi inaisha siku sheria inasainiwa. Uganda, ku morphine, ilianzia pale ambapo Uingereza iliishia: kitanda cha mgonjwa. Njo maana simkubalii mwenzetu wa kundi anayetaka tuige Waingereza. Kama ni kuiga, tuvuke mpaka wa karibu.

Wengi kati yetu tunatoka ku droit, ku medecine, ku pharmacie, ku santé publique. Miaka kumi ijayo ni sisi tutaandika maarete na mafuzo ya kuyatekeleza, ni sisi tutakaa mu zile ofisi. Siku moja karatasi itapita ku meza yako, ya bangi, ya morphine, au ya dawa ambayo bado haijavumbuliwa, na juu itaandikwa kwa herufi kubwa kwamba Leta imeruhusu. Usisaini kwanza. Soma mpaka mstari wa mwisho na utafute: nani anaandika dawa hii kama bingwa yuko mbali? Nani analipa kama mgonjwa hana kitu? Ni famasi gani inalazimishwa kuiweka, na nani anamlinda mwenye famasi asisumbuliwe na polisi? Kama majibu hayamo, rudisha karatasi. Mwambie mkubwa wako kwa heshima: muheshimiwa, hii haijaisha.

Mimi nilimdanganya shangazi kwamba itafika kesho. Sikuwa na neno lingine la kumpa. Nisingependa tuwe kizazi cha wasomi ambacho kazi yake ni kuandika hilo neno vizuri zaidi ndani ya sheria.

Kwa mwenzetu wa promosyo: asante kwa ujumbe wako, uliniamsha. Makofi yangu nayarudisha, lakini urafiki unabaki. Na ninyi wengine, hasa mliofanya stage ku hospitali mwaka huu: mgonjwa wa maumivu makali akifika kwenu, anapewa nini? Tuelezane hapa, bila kutaja majina ya watu.